Chaguo la Pili

Karatasi ya kura ya uchaguzi wa madiwani nchini Ireland haitaki alama ya vema. Majina yamepangwa kwa alfabeti, kila moja na picha ya mgombea, na pembeni kuna kisanduku kitupu. Mpiga kura anaandika 1 kwa anayempenda kuliko wote, 2 kwa anayemfuata, 3, hivyo hivyo mpaka pale moyo wake utakapokataa. Akitaka kuishia kwenye 1, ruksa.

Hiyo namba 2 ndiyo inayonifikirisha.

Chukua Leitrim, kaunti ya kaskazini-magharibi yenye watu wachache kuliko zote. Baraza lake lina madiwani 18, wanaochaguliwa katika maeneo matatu, sita kila eneo. Tuseme eneo moja limepata kura halali 7,000. Viti ni sita. Ongeza kimoja, gawa 7,000 kwa saba, kisha ongeza kura moja. Unapata 1,001, na hicho ndicho kiwango. Anayekifikia amepita, na kura zilizomzidi zinahamia kwa walioandikiwa namba inayofuata. Viti vikibaki, wa mkiani anaondolewa, na karatasi zake zinarudi mezani kuulizwa upya: uliyemtaka ameanguka, je, baada yake ulimtaka nani?

Kazi hii hufanywa kwa mkono, mara nyingi katika ukumbi wa michezo. Sanduku linamiminwa, karatasi zinakunjuliwa na kugeuzwa uso juu. Nyuma ya kizuizi wamejipanga mawakala, shingo zimeinama, penseli mkononi, wakitia kistari kwa kila namba 1 wanayoiona. Na hapa kuna jambo lililonigusa: mawakala wa vyama hasimu hugawana kazi. Wewe tazama sanduku hili, mimi lile. Jioni wanaunganisha hesabu zao, kila chama kinaondoka na nakala. Duru zinaweza kupita kumi, kazi ikalala na kuamkia siku ya pili au ya tatu, na hakuna anayeona karatasi hizo zinapotezewa muda.

Utaratibu huu unabadilisha hata adabu ya kampeni. Mgombea akibisha hodi kwenye nyumba yenye bango la mpinzani wake, hageuki akaondoka. Anasalimia, anasikiliza habari ya barabara yenye mashimo, kisha anaomba: najua namba moja ina mwenyewe, basi nifikirie kwa namba mbili. Mtu anayehitaji namba mbili yako hawezi kumtukana yule uliyempa namba moja. Sisemi kwamba wanasiasa wa kule wamezaliwa na roho njema kuliko wengine. Nasema hesabu yenyewe inawalazimisha kubakiza heshima, na mimi naamini heshima ya kulazimishwa, ikirudiwa miaka mingi, huota mizizi.

Mabaraza ya kaunti yalianzishwa kwa sheria ya 1898, wakati kisiwa chote kikiwa chini ya Uingereza, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika 1899. Kabla ya hapo mambo ya kaunti yalikuwa mikononi mwa majopo ya wenye mashamba makubwa, watu ambao mpangaji hakuwa na njia ya kuwaondoa. Kura ya namba ilijaribiwa mjini Sligo mwezi Januari 1919, na mwaka uliofuata ikatumika katika mabaraza ya nchi nzima.

Nguvu za diwani, hata hivyo, si kubwa. Madiwani hupitisha bajeti na mpango wa maendeleo ya ardhi, humchagua mwenyekiti wao kila mwaka; shughuli za kila siku kwa kawaida ziko kwa mtendaji mkuu, ambaye hapigiwi kura na wananchi. Mwaka 2014 mabaraza ya miji 80 yalifutwa, wakabaki madiwani 949 katika mamlaka 31. Nadhani hapo walikosea. Mtu wa mji mdogo alipokonywa meza iliyokuwa karibu naye.

Nasema hivyo nikikumbuka Portlaoise, mmoja wa miji hiyo. Rotimi Adebari, mzaliwa wa Nigeria, alifika Ireland mwaka 2000 akiomba hifadhi. Mwaka 2004 alichaguliwa kuwa diwani wa mji huo, na mwaka 2007 akawa meya wake, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa wa namna hiyo nchini humo. Aliwezaje? Kwa sababu katika uchaguzi wa mabaraza hakuna anayeulizwa pasipoti. Ukishatimiza miaka 18, unaishi pale na jina lako limo kwenye daftari, unapiga kura na unaweza kugombea, hata kama ombi lako la hifadhi halijajibiwa. Bunge ni habari nyingine. Huko uraia unatazamwa. Lakini taa ya mtaani, maktaba na nyumba za baraza ni mambo ya yeyote anayelala hapo.

Kwa hiyo Mkongomani anayesubiri majibu yake, ambaye bado barua za serikali anasomewa na mwanawe, siku moja husikia hodi. Nje kuna mgeni mwenye karatasi zenye picha yake, koti limelowa mvua, anauliza kama anaweza kupata dakika mbili, na kama namba moja ameshaahidiwa mtu, basi hata ya pili.