Nani Alikuwa Karibu na Rosa?

Kitabu Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971, kina jina la Bikira Maria katika litania: Waridi lenye fumbo. Lakini habari yake ni ya uchungu. Rosa, binti wa Ukerewe, alilelewa kwa fimbo ya baba mlevi; akaenda masomoni, akapotea; mchumba alipomkataa, akajiua.

Wengine husema: alikata tamaa, kosa ni lake. Sisi twauliza: je, mtu aweza kutumaini peke yake? Twaona ni vigumu. Baba Zakaria alimpa amri, hakumpa neno la upole. Charles, mchumba wake, alitazama yaliyopita tu.

Hapa Kiringye, katika bonde la Ruzizi, vita vimepita nyumba nyingi. Wako mabinti walioanguka, na wako walioangushwa kwa nguvu. Hatusemi dhambi si dhambi. Twasema: anayerudi apewe kiti kwanza, na jembe alime pamoja nasi. Hapo tumaini huanza.

Tusingoje mazishi ndipo tuseme, “Tulimpenda.” Tumwambie leo, angali anasikia.