Je, mpita njia ana deni kwa kivuko?

Swali hili tunaliuliza sisi watu wa Kindu, na tuna sababu ya kuliuliza. Mji wetu ni mji wa kupita. Treni ya kutoka Lubumbashi inaishia hapa, siku inapofika. Anayetaka kuendelea anashuka na mizigo yake hadi mtoni, anatafuta mashua ya kwenda Ubundu, kama kilomita 300, na kule reli nyingine ya kilomita 125 inamzungusha maporomoko mpaka Kisangani. Hata sisi wenyeji ni wasafiri wa kila siku: Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo moja, Alunguli iko ng'ambo ya pili, na mtu wa Alunguli anavuka Lualaba kwa mtumbwi kama vile wengine wanavyovuka barabara.

Katika Kongo yetu tuna neno "bichi". Wazungu wakilisema wanawaza mchanga, jua na vijana wanaopanda mawimbi kwa ubao. Sisi tukilisema tunawaza mahali pa kupandia mtumbwi: matope, magunia ya mupunga, bidoni za mawese, kelele za bei. Lakini ubishi wa huko na wa huku ni ndugu. Kule wanaulizana kama mgeni aliyekuja kucheza na mawimbi wiki moja anapaswa kuokota taka za ufuko usio wake. Huku tunaulizana juu ya msafiri anayekunywa maji ya sashe, anaachia sashe pale pale, anapanda mashua na hatumwoni tena.

Ukimwuliza mwenyeji habari za sashe zile atakujibu: "Ni za wasafiri." Ukimwuliza msafiri: "Mimi napita tu, hapa si kwetu." Na wote wawili ukiwabana wana jibu la tatu, nalo wanapatana: "Mayi itabeba."

Tuanze na hilo la tatu, maana lina asili yake. Wazee wetu hawakuwa wachafu walipotupa mtoni. Kwanga ilifungwa kwa majani, samaki alifungwa kwa majani, hata kitoweo cha safari kilifungwa kwa majani. Mtu alikula, akatupa, na jani likaoza bila kumsumbua mtu. Kutupa hakukuwa kosa, kulikuwa ni kurudisha. Halafu plastiki ikaja, na mkono uleule uliozoea kutupa jani ukatupa sashe. Desturi ilibaki vilevile, kitu ndicho kilichobadilika. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba watu wetu "hawana ustaarabu" wanakosea, tena wanakosea vibaya. Watu wetu wanafuata ustaarabu wa jani.

Sasa je, mtu anayefuata desturi isiyo na ubaya anaweza kuwa na hatia? Sisi tunaona kwamba hatia inaanza siku anapojua. Na leo nani hajui? Tutazame Bukavu. Taka zinazotupwa ziwani Kivu, na zile ambazo mvua inazikokota kutoka milimani, zinateremka mpaka kwenye bwawa la umeme la Ruzizi na kuziba njia za maji ya mitambo. Mitambo inasimama, umeme unakatika. Mtu alitupa chupa mbali na nyumba yake, na chupa ikaenda kumzimia taa nyumbani. Maji yamebeba, ndiyo, lakini kubeba si kumaliza. Lualaba nayo inapeleka kwa Wagenya wenye mitego yao pale Kisangani, inapita Mbandaka, inapita Kinshasa na Inga, mpaka Muanda, ambako nchi yetu yote ina pwani ya kilomita 37 hivi tu. Yule kijana wa ubao akifika huko akakuta ufuko mchafu, haitakuwa haki kumwambia yeye tu aokote. Sisi wa juu ya mto tuna fungu letu katika uchafu ule.

Huko Lamu, kwenye Bahari ya Hindi, mafundi walitengeneza jahazi kwa taka za plastiki na kandambili zilizookotwa ufukweni, wakaliita Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Kandambili nyingi zinazotupwa na bahari kwenye fukwe zile zimetoka mbali, na mwenyewe hajulikani. Taka nayo ni mgeni asiye na kwao. Watu wa Lamu wangeweza kusema "si zetu". Hawakusema hivyo.

Turudi kwa mgeni mwenye miguu. Sisi wa Maniema tunajua kitu juu ya wageni, pengine kupita wengine wote katika Kongo. Lugha hii tunayoandika ililetwa na misafara ya karne ya 19, kutoka pwani kupitia Tabora na Ujiji mpaka Kasongo na Nyangwe. Misafara ile ilituletea mupunga, ambao leo tunajivunia kama wetu. Ilituletea pia minyororo. Mwezi wa saba mwaka 1871 watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katika soko la Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba hiihii, na watu wengi walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama. Livingstone alikuwepo akaona. Hatufananishi sashe na bunduki, hapana. Tunachosema ni kwamba mpita njia hajawahi kupita "tu". Kila aliyepita hapa aliacha kitu, na waliobaki ndio waliokula au kulia.

Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengine wanaitumia kumkingia kifua msafiri: hakai siku tatu, basi hadaiwi jembe. Lakini jembe ni kazi ya kumsaidia mwenyeji. Kutomwachia mwenyeji kazi mpya ni jambo lingine, na hilo linaanza siku ya kwanza. Mgeni aliyelala kwako usiku mmoja hutamwomba alime, lakini akitapika mlangoni kisha akasema "napita tu", utamwonaje?

Sheria yetu nayo inaelekea huko. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, na ana wajibu wa kuyalinda. Kila mtu, hakiulizi nyumba yako iko ng'ambo gani. Halafu amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Kila anayekwenda sokoni anajua amri ile imefika wapi. Lakini watu walewale wakivuka mpaka kuingia Rwanda, ambako mifuko hiyo imekatazwa tangu 2008, wanaiacha mpakani kwa adabu kabisa. Kumbe kujua tunajua. Kuna mzee mmoja alituambia: "Ile si heshima, ni woga." Tunakubali, ila tunaongeza kwamba woga nao umeweka Kigali safi. Hapa kwetu tulikuwa na salongo ya wakati wa Mobutu, watu walifagia kwa kulazimishwa, na kulazimishwa kulipokwisha wengi waliweka ufagio chini. Ndiyo maana hatuwezi kutegemea woga peke yake.

Basi tusiwe wakali bila haki. Mama mwenye mtoto mgongoni, bidoni kichwani na safari ya siku nyingi mbele yake, tutamwambia abebe na taka zake mpaka Ubundu? Azitie wapi? Tumechunguza jambo moja dogo: chupa tupu ya maji haikai ukingoni. Inaokotwa mara moja, kesho iko sokoni imejaa mawese au petroli. Sashe ndiyo inayolala, kwa sababu haina mwenye kuihitaji wa pili. Kwa hiyo uzito wa deni hauko sawa kwa wote. Msafiri anadaiwa kidogo: asiachie pale alipokaa. Muuzaji wa maji anadaiwa zaidi, maana faida ni yake. Na wanaodaiwa kupita wote, kwa maoni yetu, ni wawili: mwenye mashua anayechukua nauli, na yule anayekaa mezani kukata tikiti ya kodi ya kivuko. Hao hawapiti, kesho utawakuta pale pale. Pesa ya kivuko inapokelewa kila asubuhi, na pipa moja la chuma halijawahi kuwekwa.

Mwenye mashua mmoja tulipomgusia habari ya pipa alicheka: "Pipa itakula nafasi ya gunia moja." Tukamwuliza gunia moja linalipa ngapi mpaka Ubundu. Akatutajia bei. Tukamwuliza abiria wake ni wangapi. Akaanza kuhesabu, akaacha kucheka.