Mkono wa Daktari wa Karema

Wageni wafikao Ujiji huonyeshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Wazungu wawili walivua kofia, wakapeana mikono, na salamu yao ikaenea duniani kote. Walakini miongoni mwa wa kwanza kutoka mbio kumlaki Stanley alikuwa mtu mweusi, Susi, mtumishi wa Livingstone. Naye Livingstone alipokufa mwaka 1873, mbali huko kusini, Susi na Chuma pamoja na wenzao waliichukua maiti yake safari ya miezi mingi mpaka Bagamoyo. Salamu ile yakumbukwa na wote. Mabega yale yakumbukwa na wachache.

Basi twauliza: watu wa rangi mbalimbali wawezaje kuhurumiana kwa kweli? Wengi hujibu kwamba mwenye nguvu na amhurumie aliye dhaifu. Jibu hilo si baya, lakini ni nusu tu. Huruma itokayo juu huweza kumlisha mtu, kumvika, hata kumkomboa, na bado isimhesabu kuwa mwenzi.

Tufuate pwani ya Ziwa Tanganyika kwenda kusini ya Kigoma, tufike Karema. Huko aliishi Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, Afrika ya Magharibi. Angali mtoto aliibwa na Watwareg, akavushwa jangwa, akauzwa kama mbuzi. Wamisionari wa Afrika walimnunua ili wamweke huru. Kisha Kardinali Lavigerie, aliyetaka wapatikane madaktari weusi watakaoishi kati ya Waafrika wenzao, alimpeleka Malta asomee uganga. Mwaka 1889 akafika Karema, akatibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67.

Mpaka hapo alipotoka Malta, Atiman alikuwa mtu wa kupokea: uhuru, chakula, elimu, vyote alipewa na Wazungu. Karema mambo yakageuka. Mmisionari aliposhikwa na homa, yeye ndiye aliyelala kitandani, na mkono mweusi ndio uliompa dawa. Ni vigumu kumdharau mtu uliyemkabidhi uhai wako. Huruma ya kweli huanzia hapo ninapokiri kwamba mimi nami nakuhitaji.

Na Atiman mwenyewe je? Mtoto aliyekulia katika kuuzwa angaliweza kulea chuki, na nani angalimlaumu? Yeye alimtibu Mwafrika na Mzungu. La hasha, tusilitumie jambo hili kuwanyamazisha wanaoonewa. Aliyeonewa anayo haki ya kudai haki yake. Twasema tu kwamba dharau aliyotendewa hakuirithisha.

Tusomapo habari za Msamaria Mwema, kila mmoja hupenda kujiweka mahali pa Msamaria. Ni wachache wajiwekao mahali pa yule aliyelala njiani, ambaye alipaswa kupokea msaada wa mtu ambaye taifa lake lilimdharau. Kutoa hutupa heshima, lakini kupokea kwahitaji unyenyekevu.

Wala tusidhani kwamba maneno haya yawahusu Wazungu peke yao. Wenyeji wengi wa Ujiji ni wajukuu wa watu waliovuka ziwa kutoka Manyema. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo, na tangu mwaka 2015 ikapokea pia Warundi wengi. Rangi yao ndiyo rangi yetu, na hata hivyo neno "mkimbizi" limepata kutamkwa midomoni mwetu kama tusi. Tuliyowapa twajua kuyahesabu vizuri sana. Je, tuliyopokea kwao twayahesabu?

Enyi akina baba na mama, mnapowasimulia watoto habari za watu wa rangi nyingine au kabila jingine, msiwaambie tu yale tuliyowatendea sisi. Waambieni pia yale waliyotutendea wao. Mtoto ajuaye kwamba babu yake aliponywa na mkono wa mgeni hatajifunza kuucheka mkono huo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na yatupasa kumtaja kwa jina lake.