Tukisifu, Tupime kwa Haki



Kuna maneno niliyoandika mwaka jana ambayo bado yananisuta. Kijana wa mtaani kwetu Busia alikuwa anavuka mpaka kwenda Tororo kwa majaribio ya soka. Nikamtangaza kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: "Huyu ndiye Victor Wanyama mpya." Kijana mwenyewe ni beki wa kushoto, mwepesi wa mbio. Wanyama, aliyechezea Celtic, Southampton na Tottenham, ni kiungo mkabaji mwenye nguvu. Hawafanani, ila nilitaka watu washtuke.

Kijana akaamini. Siku ya majaribio aliomba acheze katikati, na hakuchaguliwa. Tukirudi alinyamaza njia nzima, kisha akaniuliza: "Kaka, kwani mimi mwenyewe sikutosha?"

Hili si la kwetu tu. Mwaka 2004 Freddy Adu, mzaliwa wa Ghana, alichaguliwa wa kwanza timu za ligi ya Marekani zilipogawana wachezaji wapya. Alikuwa na miaka 14, na watu walishamwita Pelé mpya. Alifika timu ya taifa ya Marekani, jambo wasilolifikia wengi, lakini hadi leo anatajwa kama aliyeshindwa, kwa kuwa alipimwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Wapo watakaosema kijana anahitaji ndoto. Ni kweli. Lakini kumwambia "una mbio, sasa jifunze kukaba" ni kumpa ndoto iliyo yake. Kumwita Wanyama ni kumbebesha deni. Nilikopa mimi, akalipa yeye.

Sokoni, anayebonyeza kitako cha gorogoro ili mahindi yapungue tunamwita mwizi, na Suratul Mutaffifin tunaijua. Kumbe anayezidisha sifa naye anachezea kipimo. Mtume (s.a.w.) alipomsikia mtu akimsifu mwenzake kupita kiasi, alimwambia kuwa amemkata shingo. Akafundisha kwamba anayelazimika kusifu aseme anamdhania mwenzake hivyo, na Allah ndiye amjuaye. Laiti ningeandika "namdhania" tu!

Nimemwomba msamaha, naye amerudi upande wake wa kushoto. Wakiniuliza anafanana na nani, nawaambia waje wamtazame.

Allah atujaalie ndimi zenye mizani. Amin.