Haki ya Masikini Katika Mahindi ya Kitale

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen alimpangia mafundisho daraja kwa daraja. Alimuamuru kwanza awaite watu wamshuhudie Mungu mmoja na Utume wa Muhammad. Wakikubali, awajulishe kuwa wamefaradhiwa Sala tano usiku na mchana. Wakikubali hilo nalo, awajulishe kuwa wamefaradhiwa Zaka, itolewayo kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafakiri wao. Kisha akamuonya aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa, kwani baina yake na Mwenyezi Mungu hapana kizuizi. Hadithi hii wameitoa Bukhari na Muslim kwa mapokezi ya Ibn Abbas.

Zingatieni mpango huu. Imani ndiyo msingi, Sala yafuatia, na Zaka haikuachwa nyuma. Basi mwenye kushika mbili za kwanza na kuiacha ya tatu amejenga nyumba akaacha ukuta mmoja wazi.

Nimeikumbuka hadithi hii kwa sababu ya swali nililoulizwa na mkulima mmoja Muislamu wa Kitale. Alisema, "Sheikh, nimevuna magunia arubaini. Ramadhani nimewagawia masikini fedha mlangoni. Je, sikutoa Zaka?" Nikamuuliza alitoa kiasi gani, na kwa nia gani. Akanyamaza.

Mtu huyu si mvivu wa dini. Wenzetu wa Kitale na Bungoma wajua kuwa Kibla chao chaelekea kaskazini na kupinda kidogo mashariki, wala si sawa na cha Mombasa. Wajua kuwa jua la Bungoma huchwa, kwa wastani, dakika kama 20 baada ya jua la Mombasa, na hawafuturu kwa adhana ya Mombasa isikiwayo redioni. Wachunga dakika za Saumu, na hilo ni jema. Lakini wangapi wachungao magunia?

Tena lawama si yao peke yao. Dini ilifika pande zile katika karne ya 19 kwa wafanya biashara wa Kiswahili waliokwenda Mumias kwa Nabongo Mumia, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926 watu wetu wengine walifuata. Sisi watu wa mwambao tuliwapelekea Sala na Saumu. Hesabu ya Zaka ya mazao hatukuwapelekea, kwa sababu sisi wenyewe twaidhani Zaka kuwa ni senti za Ramadhani.

Basi sikilizeni hukumu yake. Zaka ya nafaka haingoji Ramadhani, wala haingoji mwaka kutimia. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul An'am, aya ya 141, kuwa haki ya mazao itolewe siku ya kuvunwa. Kiwango chake ni wasaki tano, nazo kwa mizani ya siku hizi hukadiriwa kuwa kilo 650 hivi za nafaka kavu iliyosafishwa. Kwa gunia la kilo 90, hayo ni magunia saba na kidogo. Aliyepata manane imemuwajibikia. Shamba likinyweshwa na mvua, hutolewa fungu moja katika kumi; likinyweshwa kwa mashine na gharama, moja katika ishirini. Mashamba ya Trans Nzoia aghlabu ni ya mvua. Basi magunia arubaini yana magunia manne yasiyokuwa ya mwenye shamba.

Wako wasemao kuwa mahindi hayakutajwa katika hadithi. Ni kweli, kwani asili yake ni bara la Amerika, na watu wa Hijazi zama za Mtume hawakuyajua. Lakini Imamu Shafii ameiweka Zaka katika kila nafaka ilimwayo na watu, ikawekwa ghalani, ikawa ndicho chakula chao. Ni nani katika Kenya awezaye kusema kuwa mahindi si chakula?

Wako wasemao kuwa wamelipa kodi. Kodi ni ya serikali na Zaka ni ibada. Moja haiondoi nyingine. Wengine wataka watoe kwanza gharama za kuvuna na kupukuchua. Katika madhehebu yetu gharama hizo ni juu ya mwenye mazao, wala hazipunguzi haki ya masikini.

Na ninyi mlioko Mombasa, Lamu na Malindi, mnaokodi mashamba huko bara, jueni kuwa Zaka ni juu ya mwenye mazao hata kama ardhi si yake. Wala msiihamishe. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii ni kuwa Zaka igawiwe pale yalipo mali, na hadithi ya Muadh ndiyo hoja yake. Masikini wa Kitale ameyaona mahindi yakimea, akayaona yakipakiwa katika malori. Si haki yake ipite mbele ya macho yake ikagawiwe Mombasa. Ama anunuaye mahindi ili ayauze, huyo ana Zaka ya biashara, moja katika arubaini, mwaka wa Kiislamu utimiapo na mali yamefika kiwango.

Abubakar (R.A.) aliwapiga vita watu waliozuia Zaka na hali wakiswali, akakataa kuipambanua Sala na Zaka. Sisi leo twaipambanua kila mwaka bila ya kushtuka.

Yule mkulima alirudi ghalani akatenga magunia manne. Mavuno yajayo, ndugu yangu, nawe hesabu kabla ya kuuza. Muogope yule ambaye haki yake imo ghalani mwako, naye amelala na njaa jirani yako, akainua mikono yake.

Ewe Mola wetu, zitakase nyoyo zetu na mali zetu, na usitufanye katika wenye kula haki za wanyonge. Amin.