FURAHA JUU YA JASHO LA WENGINE

Nataka tufikiri pamoja juu ya swali hili: Je, ni vema mtu kujifurahisha mahali ambapo wengine walitaabika na kudharauliwa?

Tuchukue mfano wa nchi ya mbali. Katika kisiwa cha kusini cha Nyuzilandi, jimbo la Otago, uko mji mdogo uitwao Arrowtown. Wageni hufika huko, hukodi baisikeli, hufuata njia iliyo kando ya mto Arrow na kuvuka madaraja yake, hata wafike bonde la Gibbston penye mashamba ya mizabibu. Hapo huonja divai na kuitazama milima. Ni matembezi mazuri, wala sioni kosa ndani yake.

Lakini mto huo una habari zake. Mwaka 1862 ilionekana dhahabu ndani yake, watu wakamiminika. Baadaye dhahabu iliyo rahisi kupatikana ikapungua, na wengi wakaenda kuchimba kwingine. Ndipo wafanya biashara wa Dunedin, mji mkuu wa Otago, walipowaalika Wachina mwaka 1865. Hao wakaja, wakauchekecha tena mchanga ulioachwa na wenzao, na huko Arrowtown wakaishi katika vibanda vidogo ukingoni mwa mto. Walikuwa wageni walioalikwa. Hata hivyo mwaka 1881 serikali ikaanza kumtoza kila Mchina aingiaye nchini paundi 10, na mwaka 1896 ikazidisha zikawa paundi 100. Hapana taifa jingine lililotozwa hivyo. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1944, na mwaka 2002 serikali ikaomba radhi.

Wako wasemao, "Waliokufa wamekufa. Mgeni wa leo hakumdhulumu mtu, mwacheni afurahi." Neno hilo ni kweli nusu. Hatia ya wenyeji wa kale haimpati mpita njia. Lakini hatia ni jambo moja, na deni ni jambo jingine. Anywaye maji ya kisima asichokichimba hana kosa, ila ana deni la kumkumbuka aliyekichimba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na huo ndio ugonjwa wa starehe: hututia usahaulifu.

Basi deni hilo hulipwaje? Si kwa kujinyima furaha. Baadhi ya vibanda vile vimejengwa upya, na duka la Mchina Ah Lum lingali limesimama. Mgeni aweza kushuka katika baisikeli yake, akaingia, akanyamaza kitambo, kisha akaendelea na safari.

Lakini malipo yaliyo makubwa zaidi hulipwa nyumbani. Kumwomba radhi marehemu ni kazi ngumu, tena huja kwa kuchelewa. Kumheshimu aliye hai kwawezekana leo. Hata vijijini mwetu wamo watu wa mbali tuliowaita wafanye kazi tuliyoikataa wenyewe. Je, sisi tunawatoza nini?