Tahara ya Mji

Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, sisi watu wa pwani twajulikana kwa kuchunga tahara. Tone la mkojo likiingia katika kanzu, twaivua tukaiosha kabla ya kusali. Jambo hilo ni jema, nalo ndilo tuliloamrishwa. Lakini mtu huyo huyo huchimba shimo la choo hatua chache na kisima cha jirani, na maji ya jikoni na ya hamamu akayaachilia yapite mbele ya mlango wa msikiti. Je, tahara ni ya nguo peke yake?

Tuutazame mji wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu mwaka 2001. Nyumba zake zimeshikana, na mifereji ya wazi yapita vichochoroni. Chini ya nyumba ni mchanga na mawe ya matumbawe, navyo havizuii maji. Kimwagwacho shimoni hushuka mpaka kisimani. Maji matamu ya mji hutoka katika visima vya Shela, ambako mvua huchujwa na vilima vya mchanga. Hazina hiyo ikiingiwa na uchafu, kipindupindu na homa ya matumbo havichagui nyumba.

Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na ametuonya tusiende haja penye maji ya watu, njiani na vivulini. Ikiwa haya ni makatazo kwa mtu mmoja, mwenye shimo livujalo usiku na mchana ana udhuru gani?

Wako wasemao kwamba maji ya choo ni najisi daima, basi kuyasafisha ni kupoteza mali. Kauli hiyo si sawa. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, maji yaliyofika kullateni yakigeuzwa na najisi, kisha mageuko yale yakaondoka yenyewe, hurudi kuwa tahiri. Na mwaka 1978 Baraza la Wanavyuoni Wakuu la Saudia liliamua kuwa maji machafu yakisafishwa hata isibaki athari ya najisi katika ladha, rangi wala harufu, huwa tahiri; ila walipendelea yasinywewe, kwa kuchelea madhara.

Na kazi yenyewe si ya miji mikubwa tu. Mji mdogo wenye ardhi huyapitisha maji katika mabwawa yanayofuatana: katika la kwanza taka huzama na kuoza, katika yafuatayo jua na mwani huyasafisha, na viini vingi vya maradhi hufa. Penye nafasi finyu, kama kisiwani, hujengwa matangi yasiyovuja, yakazolewa kwa zamu.

Basi hii ni fardhi ya kifaya. Ikiachwa na wote, wote wana dhambi. Mwenye nyumba na azibe shimo lake. Wasimamizi wa misikiti na wayatenge maji ya udhu, maana hayo ni tahiri na yafaa kunyweshea miti. Na wazee wa mitaa waende kwa serikali ya kaunti, ambayo tangu mwaka 2013 ndiyo iliyokabidhiwa huduma za maji na usafi, wakadai haki ya mji kwa adabu na bila ya kuchoka.

Mwenyezi Mungu azitahirishe nyoyo zetu na miji yetu. Amin.